Pindo, Mji, Jina: Wanawake wa Mahege na Wasomaji wa Bakteria

Mwali anapotolewa nje huku kwetu Mahege, wanawake hawaji hivihivi. Wiki kadhaa kabla, mama wa shughuli huchagua kanga, bei hutajwa, na kila anayetaka kuwamo hununua doti yake. Siku ya ngoma uwanja mzima huwa rangi moja: mashangazi, majirani, wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa, mke wa mwenye duka, hata mgeni aliyeshuka jana kwenye boti pale Nyamisati akaazimwa kanga ili asijione mpweke. Mpita njia angeapa kwamba wote hao ni ukoo mmoja.

Bibi yangu alikaa kwenye mkeka nyuma ya wapiga ngoma, na hakukosea hata mtu mmoja. "Yule wa kwetu. Yule kaolewa juzijuzi, katokea ng'ambo ya mto. Yule pale kanga si yake, mjukuu wangu, tazama pindo linavyoburuta. Kaazima kwa mtu mrefu." Jicho lake lilianza kwenye kitambaa, likapanda usoni, likarudi kwenye mwendo, kisha mdomo ukauliza swali ambalo huuliza kila mara: "Huyu katokea wapi?"

Mimi kazi yangu ni maabara. Siku ile, sahani ya pilau ikiwa mapajani, nilitambua kwamba bibi anafanya kwa kanga kile tunachojaribu kukifanya sisi kwa bakteria, na anakifanya vizuri kutushinda. Maana bakteria nao wanavaa. Wanavaa sukari, zilizoungwa pingili kwa pingili kama mkufu, na kwa miaka mingi tuliwatambua kwa kusoma vazi hilo. Usomaji huo ulizaliwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, wakati uleule ambapo kanga ilikuwa inazaliwa kwenye mwambao wetu. Simlinganishi mwanamke na kijidudu, hasha. Nalinganisha usomaji na usomaji.

Kanga ilitokana na leso, neno tulilolipokea kwa Wareno, vitambaa vya mraba vilivyoungwa hadi vikatosha kumfunika mtu mzima. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimwita Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zake zikabeba alama ya Mali ya Abdulla. Sehemu tatu za kanga kila mtoto wa Pwani anazitaja: pindo linalozunguka pande nne, mji ulioko katikati, na jina, yale maneno yanayoandikwa chini ya mji. Pindo na mji vinaweza kubaki vilevile, jina likabadilika, na kanga ikawa nyingine kabisa. Iliyofaa kumpongeza mama mkwe ikageuka ya kumsema jirani. Na iko kisutu, kanga ya bi harusi, ambayo kwa mila haina jina hata moja, na heshima yake haipungui kwa hilo.

Sasa mchukue bakteria wa kipindupindu, wa taifodi au wa kuhara damu. Utando wake wa nje umejaa molekuli iitwayo lipopolisakaridi, nayo ina sehemu tatu. Ya kwanza, lipidi A, ni mafuta yaliyozama ndani ya utando wenyewe. Hilo ni fundo la kifuani linaloshika kanga isidondoke, na ndilo linalompandisha mgonjwa homa na kumshusha presha bakteria wakiingia kwenye damu. Ya pili ni kiini chenye sukari chache ambacho hakibadiliki sana ndani ya jamaa moja ya bakteria. Nakiita pindo. Ya tatu ni antijeni O, mkufu unaorudia kipande kilekile cha sukari tena na tena, na humo ndimo tofauti zimelala. Hilo ndilo jina. Wapo bakteria waliopoteza jina wakabaki na pindo tupu. Makoloni yao kwenye sahani hayang'ai tena, hukwaruza na kukunjamana. Hapo ulinganisho wangu na kisutu unavunjika, kwa sababu bakteria asiye na jina mara nyingi ni dhaifu, na damu ya mtu mzima humtoboa upesi.

Jeni zinazoandika jina hukaa pamoja, mahali pamoja kwenye DNA, kama zana za fundi ndani ya sanduku moja. Kwa Salmonella na Escherichia coli sanduku hilo liko kati ya jeni mbili, galF na gnd. Kwa nyumokoka, mdudu wa kichomi, liko kati ya dexB na aliA, na kinachoandikwa humo ni kapsuli, vazi la sukari linalomfunika mwili mzima. Majirani hao wa pande mbili wanakaa palepale. Kilichomo kati yao ndicho kinachobadilika kupita kiasi: jeni za kutengeneza sukari zenyewe, za kuziunganisha, ya kukipindua kipande kilichokamilika kitoke ndani kwenda nje, na ya kuvifunga vipande kuwa mkufu. Mwaka 2006 Stephen Bentley na wenzake walichapisha masanduku 90 ya nyumokoka, moja kwa kila aina iliyojulikana wakati huo. Leo aina zimekaribia au kupita 100. Mdudu mmoja kwenye darubini, kanga mia.

Tofauti nyingine ni ndogo mno. Aina 6A na 6B za nyumokoka zina sukari zilezile kwa mpangilio uleule. Inatofautiana tu namna sukari moja inavyoshikana na jirani yake, kwa sababu ya badiliko la asidi-amino moja kwenye kimeng'enya kinachozifunga. Kipindupindu nacho kina kisa chake. Antijeni O ya kundi O1 ni mkufu wa sukari iitwayo perosamini. Ogawa na Inaba, majina mawili ya Kijapani utakayoyaona kwenye kila ripoti ya mlipuko, ni mkufu huohuo mmoja. Ila Ogawa, kwenye sukari ya mwisho kabisa, amebandikwa kikundi kidogo cha metili. Jeni inayokibandika ikiharibika, Ogawa anageuka Inaba. Kanga mbili, pindo moja, mji mmoja, na nukta moja mwishoni mwa jina.

Nukta hiyo tunaisomaje? Kwanza choo cha mgonjwa kinapandwa kwenye sahani ya agari ya kijani iitwayo TCBS, na asubuhi makoloni ya kipindupindu yanaonekana manjano, kwa kuwa mdudu huyu hula sukari tuitiayo chai na kuacha uchachu unaobadilisha rangi. Tunayahamishia kwenye agari ya kawaida, tunasubiri usiku mwingine. Kisha kipande cha kioo, matone mawili: kulia maji ya chumvi, awe shahidi, kushoto seramu ya sungura aliyechanjwa bakteria wa O1. Unachota koloni kidogo, unaikoroga katika kila tone, unakiinua kioo karibu na taa na kukiyumbayumbisha kama mtu anayepepeta mchele. Upande wa chumvi unabaki maji ya maziwa. Upande wa seramu, sekunde chache tu, maziwa yanakatika: chembe nyeupe zinashikana na kuzunguka katika maji yaliyokuwa meupe na sasa yameng'aa. Kingamwili za sungura zimeisoma kanga. Sijawahi kuchoka kuliangalia tone hilo.

Kwa njia hiyo mapokeo ya seramu yalijenga daftari kubwa. Fritz Kauffmann kule Copenhagen na Philip Bruce White kule Uingereza waliweka msingi wa mpango wa Salmonella uliochapishwa mwaka 1934, na leo mpango huo una majina zaidi ya 2,500. Kwa muda mrefu kila aina mpya ilipewa jina la mahali ilipopatikana, hivyo ukifungua daftari unakutana na jiografia yetu: Salmonella Zanzibar, Salmonella Uganda, Salmonella Nairobi, Salmonella Kisangani. Nususpishi nzima inaitwa salamae, jina lililokatwa kutoka Dar es Salaam. Watu wengi husononeka mji wao unapoitwa jina la ugonjwa, nami nawaelewa. Lakini katika kawaida ile ya kutaja mahali nasikia swali la bibi, katokea wapi, hata kama seramu yenyewe haikuwa na uwezo wa kulijibu.

Maana seramu husoma kitambaa tu, na kitambaa kinadanganya kwa njia mbili ambazo kila mwanamke wa Mahege anazijua.

Ya kwanza ni sare. Kipindupindu cha El Tor, kilichoanza kuenea mwaka 1961 kutoka Sulawesi, Indonesia, kilifika Afrika mwaka 1970 na Tanzania mwaka 1974. Tangu hapo, mlipuko baada ya mlipuko, ukiwemo ule ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuzidi wagonjwa 30,000 nchini, daftari liliandika maneno yaleyale: O1, Ogawa au Inaba. Ni rahisi kudhani kwamba ni mdudu mmoja aliyelala kwenye maji yetu na kuamka kila mvua inaponyesha. Mwaka 2017 François-Xavier Weill na wenzake walichapisha usomaji wa jenomu zaidi ya 1,000 za kipindupindu kutoka nchi 45 za Afrika, zilizokusanywa kwa karibu miaka 50. Jibu lao: mdudu aliingizwa barani angalau mara 11, na chimbuko lake lilikuwa Asia. Wageni 11 tofauti, wamevaa sare moja. Sisi tuliokuwa tunasoma jina peke yake tulihesabu ukoo mmoja.

Ya pili ni kinyume chake: mtu mmoja, kanga mpya. Mwishoni mwa mwaka 1992, katika miji ya India na Bangladesh iliyopakana na Ghuba ya Bengal, watu wazima waliokwisha kupata kinga ya kipindupindu walianza kuugua tena. Seramu ya O1 haikumshika mdudu huyu. Hakushikika na seramu yoyote kati ya zilizokuwapo, akapewa namba mpya, O139. Wakadhani kimezaliwa kipindupindu kingine. Jenomu ilipofunguliwa, mwili ulikuwa wa El Tor yuleyule. Kilichobadilika ni sanduku la jina, lililong'olewa na kuwekwa jingine, pamoja na kapsuli juu yake. Bibi angemtambua kwa mwendo.

Kanga hiyo ilibadilishiwa wapi? Hapa nawaomba wavuvi wa delta ya Rufiji wanisikilize kwa makini. Kipindupindu kwa asili yake ni kiumbe cha maji ya mchanganyiko, mahali mto unapokutana na bahari, na hupenda kujishikiza kwenye kitini, gamba la uduvi, kamba na kaa. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba akiota juu ya gamba hilo huwasha jeni zinazomwezesha kumeza DNA iliyotapakaa majini, iliyoachwa na wenzake waliokufa. Mwaka 2007 Melanie Blokesch na Gary Schoolnik walimweka mdudu wa O1 juu ya gamba la kaa, wakampa DNA ya O139, na akatoka akiwa O139. Gamba lenyewe nalo ni sukari ndefu. Sukari juu ya sukari. Sisemi hili limetokea katika mito ya Rufiji. Ninachokisema ni kwamba maji ya namna hiyo, chumvi ikipanda na kushuka kwa kujaa na kupwa, mikoko na magamba tele, ndiyo maji ambamo vazi linaweza kubadilishwa, na anayechunguza maji hayo hana haki ya kubeba seramu moja mfukoni na kuridhika.

Liko jambo la tatu, nalo limeniuma nyumbani. Bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi, huvaa kapsuli iitwayo Vi juu ya antijeni O. Arthur Felix na Margaret Pitt waliigundua mwaka 1934. Ni buibui juu ya kanga. Seramu ya kusoma kanga ya ndani haioni kitu hadi umchemshe mdudu, buibui livuke, ndipo ashikane. Hayo ya maabara. Kwenye vituo vyetu vidogo, hata hivyo, taifodi hutafutwa zaidi kwa kipimo cha Widal, kilichotungwa mwaka 1896, ambacho hakimtafuti mdudu mwenyewe. Hutafuta kingamwili za mgonjwa: je, damu hii imewahi kuiona kanga kama hii? Sasa, vipande namba 9 na 12 vya antijeni O ya Typhi vimo pia kwa Salmonella Enteritidis, na namba 12 kimo kwa Typhimurium, na hao wote wapo sana Afrika. Damu iliyokutana na mmoja wao, au iliyougua taifodi zamani ikapona, inaweza kushikana vilevile. Dada yangu alipewa karatasi ya aina hiyo mara mbili ndani ya miezi miwili, namba ikiwa imezungushiwa kalamu nyekundu, na mara mbili akameza dawa za taifodi hadi mwisho. Mara ya tatu mtu mmoja mwenye subira aliichukua damu yake akaiotesha. Hakuna kilichoota. Homa ilikuwa ya figo, na ilikuwa imeshapata miezi miwili ya kukomaa. Dada alipona, lakini nikikumbuka hasira inanirudia. Mtu alisoma jina la kanga kwa mbali, gizani, akahukumu.

Pamoja na hayo nisiyanyime mapokeo ya seramu haki yake, kwa kuwa chanjo zetu bora zimetoka humo. Mwaka 1923 Michael Heidelberger na Oswald Avery walionyesha kwamba kitu kinachozitofautisha aina za nyumokoka ni sukari, wakati wengi waliamini protini pekee ndizo zenye uwezo huo. Kutoka hapo tulifika kwenye chanjo ambayo mtoto wa Kibiti huchomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, inayoufundisha mwili kusoma kanga 13 za kichomi. Kilifi, Kenya ilipoanza kutumia chanjo ya aina 10 mwaka 2011, watafiti waliwafuata watoto kwa miaka, na ugonjwa mkali wa aina zilizomo kwenye chanjo ulipungua kwa asilimia 92 kwa walio chini ya miaka mitano. Unguja na Pemba, mwaka 2009, chanjo ya kunywa ya kipindupindu, yenye Ogawa na Inaba ndani yake, ilitolewa katika shehia zilizokuwa zikisumbuliwa. Waliomaliza dozi mbili walikingwa kwa kiasi cha asilimia 79.

Lakini kule Kilifi, puani mwa watoto, nafasi zilizoachwa na aina zilizofukuzwa zilianza kujazwa na aina ambazo chanjo haizijui. Na hapa ndipo mapokeo haya mawili, la kanga na la bakteria, yanapoachana kabisa. Mwanamke anavaa kanga ili asomwe. Anachagua jina, anachagua siku, anapita mbele ya mlango aliokusudia. Bakteria naye kila anaposomwa anakufa. Wako virusi wanaowala bakteria, na mmoja wao, ICP1, aliyepatikana Bangladesh kwenye vinyesi vya wagonjwa wa kipindupindu, humshika mdudu kwa antijeni O1 yenyewe. Anaisoma kanga kabla ya sungura na kabla yetu. Mdudu anayebadilisha mkufu hata kidogo humponyoka. Basi wingi wote ule, kanga mia za kichomi, namba zaidi ya 200 za kipindupindu, maelfu ya Salmonella, ni alama za nyayo za mbio ndefu za kukwepa wasomaji. Chanjo ni msomaji mmoja zaidi aliyeingia mbioni. Nadhani ndiyo sababu bibi, aliyezoea nguo zinazotaka kusomwa, bado haamini nguo peke yake. Sisi wenye nguo zinazojificha tuliiamini kwa karibu karne nzima.

Aliyekuwa karibu na bibi kuliko wote katika historia hii hakuwa hata na darubini ya kumwonyesha mdudu. James Christie, daktari Mskoti, alikuwa Zanzibar wakati kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 na kuua watu kwa maelfu, miaka mingi kabla ya Robert Koch kumtambulisha mdudu wake. Christie hakuwa na kanga ya kusoma. Akawauliza manahodha, wapagazi wa misafara, wafanyabiashara wa bara: kilianza kwenu lini, nani alifika kwanza, mlikunywa maji ya nani. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1876 aliifuata njia ya ugonjwa kutoka upande wa Bahari ya Shamu, kupitia nchi ya Wamasai, hadi Pangani na visiwani. Jenomu za mwaka 2017 zinauliza swali hilohilo, kwa herufi za DNA.

Aprili 2024 maji ya Rufiji yalipofurika na kuingia mashamba na nyumba za Kibiti na Rufiji, niliitoa rejesta yangu nikaona ina safu ya kundi na safu ya aina. Nikachukua rula nikachora safu ya tatu kwa mkono, kurasa zote zilizobaki. Juu yake nikaandika: katokea wapi, kanywa maji gani, nani kamtembelea. Safu ni nyembamba na mwandiko wangu mkubwa, kwa hiyo maelezo mengine yanapanda ukingoni mwa ukurasa, yanazunguka kona, na kushuka upande wa pili kama pindo.